Madai ya tiba kwa mtoto mwenye sindromu ya Down: namna ya kuyapima kabla hujatoa hela

Mtoto ana miezi 20 na bado hajasimama. Jirani analeta chupa ya shira na kusema, "Mama Fulani, mpe hii asubuhi na jioni, utaniambia." Miezi mitano baadaye mtoto anatembea, na picha yake inazunguka kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na bei chini yake. Hapo hakuna aliyesema uongo. Mtoto alikunywa shira, na kweli ametembea. Ila watoto wenye sindromu ya Down huanza kutembea kwa wastani wakiwa na miaka 2 hivi, hata wasipopewa chochote. Chupa ilifika tu muda mfupi kabla miguu yenyewe haijawa tayari.

Ugumu wote uko hapo. Watoto hawa wanakua. Wanakua polepole na kwa vipindi: mtoto anaweza kukaa palepale miezi kadhaa, kisha akachomoka ghafla. Nasi wazazi hatuhangaiki kutafuta dawa wakati mtoto anaendelea vizuri. Tunahangaika akiwa amekwama, yaani karibu na wakati wa kuchomoka. Chochote utakachompa wakati huo kitachukua sifa, kiwe vitamini, hirizi au maji ya bomba. Kwa hiyo ushuhuda wa mzazi mwenzako, hata awe mkweli kiasi gani, haukuambii kama dawa inafanya kazi.

Chanzo cha hali hii kinajulikana tangu 1959, Jérôme Lejeune na wenzake mjini Paris walipoonyesha kwamba watoto hawa wana kromosomu (nyuzi ndani ya chembe zinazobeba urithi) za 21 tatu badala ya mbili. Kwa takriban watoto 95 katika kila 100 wenye hali hii, nyongeza hiyo imo katika chembe zote za mwili. Hakuna dawa inayoiondoa kwa mtoto aliye hai. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mie, Japani, waliripoti kwamba wameweza kuiondoa kromosomu ya ziada katika baadhi ya chembe, na habari ilipofika kwenye simu zetu ikawa "Wajapani wameponya Down". Chembe zile zilikuwa ndani ya vyombo vya maabara. Hakuna mtoto aliyetibiwa.

Hatua ya 1: Jua angefika wapi bila dawa

Huwezi kusema dawa imemwahisha mtoto kama hujui wenzake hufika lini. Kukaa bila kushikwa: wastani ni karibu miezi 11, lakini wapo wanaokaa wakiwa na miezi 6 na wapo wanaovuka miaka 2. Kutembea: wastani miaka 2, kuanzia mwaka 1 hadi 4 hivi. Neno la kwanza lenye maana: wengi karibu mwaka mmoja na nusu, wengine baada ya miaka 3. Kuelewa hutangulia kusema kwa mbali sana. Mtoto asiye na neno hata moja anaweza kukuletea viatu ukimwagiza, na huyo si mtoto "asiyejua kitu" kama watu wanavyomsema mbele yake.

Tazama upana wa hizo namba. Mtu akikuahidi kuwa mtoto "atatembea kabla ya miaka 3", amekuahidi jambo ambalo kwa walio wengi lingetokea tu.

Mistari ya ukuaji kwenye kadi ya kliniki imechorwa kwa watoto wasio na hali hii, ndiyo maana mtoto wako anaonekana daima yuko chini. Ipo michoro ya uzito na urefu ya watoto wenye sindromu ya Down, kama ile iliyochapishwa Marekani mwaka 2015. Mwombe daktari aitumie pamoja na kadi. Akiporomoka hata kwenye mistari hiyo, usiseme "ndivyo walivyo": pana sababu ya kutafutwa.

Kuna pia hesabu inayowatisha wazazi bure. Kipimo cha akili, kile cha IQ, humlinganisha mtoto na wa rika lake. Mtoto wako akijifunza kila mwaka lakini kwa mwendo mdogo kuliko wao, namba itashuka huku yeye mwenyewe anajua mengi kuliko mwaka jana. Wauzaji wanaijua hiyo. "Akili inashuka, wahi kabla hajafika miaka 7." Akili haijashuka, ni pengo na wenzake lililopanuka.

Basi anza daftari leo, kabla ya tiba yoyote. Andika anachoweza, si anachoshindwa, pamoja na tarehe. Kila mwezi mrekodi video fupi mahali palepale, akifanya mambo yaleyale: akila, akicheza, akijibu jina lake. Kumbukumbu ya mzazi ina upendo mwingi mno kuwa kipimo.

Hatua ya 2: Hela ya kwanza iende kwenye vinavyotibika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maendeleo yanapopatikana au kupotea. Mengi yanayoitwa "uzito wa akili" kwa watoto hawa ni masikio yaliyoziba, tezi iliyolegea, moyo unaochoka au usingizi usiotosha.

Moyo. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu kati ya vyumba vyake. Kila mtoto anahitaji eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mapema baada ya kuzaliwa, hata kama daktari akimsikiliza kifuani hasikii mlio wowote usio wa kawaida. Tundu kubwa lisipozibwa hupeleka damu nyingi kwenye mapafu, shinikizo hupanda, na mishipa ya mapafu huharibika kiasi cha upasuaji kutowezekana tena. Kwa matundu makubwa, upasuaji unapaswa kufanyika ndani ya miezi ya kwanza, mara nyingi kabla ya mtoto kufikisha miezi 6. Huku kwetu wengi huletwa wamechelewa. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Nairobi kuna hospitali za Kenyatta na Mater. Mtoto anayetokwa jasho akinyonya, anayeachia titi kila mara kuhema na asiyeongezeka uzito, asisubiri tarehe ya kliniki.

Tezi ya shingoni, yaani thairoidi. Ikifanya kazi chini ya kiwango, mtoto hulegea, husinzia, hufunga choo na hujifunza kwa shida, na dalili zote hizo watu husema ni "Down yake". Kipimo ni cha damu: akizaliwa, akiwa na miezi 6, akiwa na mwaka 1, kisha kila mwaka maisha yake yote. Tezi ikiwa chini kweli, kidonge cha homoni hiyo hubadilisha mambo. Hii ni moja ya tiba chache zinazostahili sifa zake.

Masikio. Hadi robo tatu ya watoto hawa hupata upungufu wa kusikia kwa kiwango fulani. Tundu la sikio ni jembamba, nta hujaa, na majimaji hukaa nyuma ya ngoma ya sikio bila usaha wala maumivu, kwa hiyo mzazi hana cha kuona. Mtoto asiyesikia vizuri hatasema vizuri, umpe shira gani. Apimwe kila miezi 6 mpaka ithibitike anasikia, halafu kila mwaka. Macho nayo: wengi wanahitaji miwani, na mtoto anayekikataa kitabu huenda hakioni.

Usingizi. Kukoroma, kulala ameketi au ameinama kichwa magotini, kuhema kwa kukatika: hayo ni njia ya hewa inayoziba, na ni mengi sana kwa watoto hawa. Asubuhi huwa hana raha, hatulii, hajifunzi. Mrekodi akiwa amelala, mwonyeshe daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi tatizo ni tezi za kooni na nyuma ya pua, zinazoweza kuondolewa hospitali. Na hapa niseme wazi: kukata kimeo si tiba ya kukohoa wala ya kukoroma. Kunaleta damu, maambukizi na vifo. Vivyo hivyo kung'oa yanayoitwa "meno ya plastiki". Meno ya watoto hawa huchelewa kuota na kuota bila mpangilio, jambo linalowapa wang'oaji kisingizio.

Degedege. Kati ya watoto wenye sindromu ya Down kuna wachache wanaopata aina ya kifafa cha utotoni isiyofanana na degedege ya homa. Mtoto, kwa kawaida chini ya mwaka mmoja, anainamisha kichwa ghafla na kurusha mikono, sekunde moja au mbili, kisha tena, kisha tena, mfululizo, hasa anapoamka. Hana homa. Pengine pia ameacha kutabasamu au kutazama watu. Nyumbani husemwa ni tumbo, au ndege amepita juu ya nyumba. Mrekodi kwa simu na umpeleke hospitali kubwa siku hiyohiyo. Zipo dawa, mojawapo ni prednisoloni ambayo si ghali, na kila wiki ya kuchelewa inamgharimu mtoto maendeleo yake.

Shingo. Viungo vya mifupa ya juu ya shingo yao vinaweza kulegea. Usimpeleke kwa mchuaji akamnyoosha au kumgeuza shingo, na kabla ya upasuaji wowote mkumbushe mtoa dawa ya usingizi kuwa mtoto ana sindromu ya Down.

Hatua ya 3: Fahamu madai yaliyokwisha kupimwa

Karibu kila unachouziwa leo kimewahi kuuzwa kwa jina jingine. Detroit, kuanzia miaka ya 1940, daktari Henry Turkel aliwapa watoto hawa mchanganyiko wa vitamini, madini, homoni na mengine makumi; mamlaka ya dawa ya Marekani haikuuruhusu. Mwaka 1981 Ruth Harrell na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 16 wenye ulemavu wa akili, baadhi yao wakiwa na sindromu ya Down, wakadai vitamini nyingi zimeongeza akili. Wazazi walifurahi, na haki yao. Wengine wakarudia katika miaka iliyofuata, kwa kuwapa watoto wa kundi la pili vidonge vinavyofanana ila havina dawa, na faida ile haikuonekana tena.

Swali la vitamini lilijibiwa vizuri zaidi Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Watoto wachanga 156 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa seleniamu, zinki na vitamini A, C na E, wengine asidi ya foliniki, wengine vyote, wengine unga usio na dawa. Baada ya miezi 18 hapakuwa na tofauti katika ukuaji wa akili wala lugha. Ukiuziwa kopo la "virutubisho vya ubongo", kumbuka watoto hao.

Pirasetamu, dawa iliyovuma sana miaka ya 1990, ilijaribiwa Toronto. Matokeo yalitoka 2001: haikusaidia akili, na baadhi ya watoto wakawa wagomvi, wasiotulia, wenye usingizi mbaya.

Homoni ya thairoidi kwa mtoto ambaye tezi yake ni nzima? Uholanzi walijaribu kwa watoto 196 kwa miaka 2. Palikuwa na faida ndogo sana ya viungo: waliwatangulia wenzao kwa chini ya mwezi mmoja. Walipopimwa tena wakiwa na karibu miaka 11, tofauti ya akili na viungo haikuwapo. Ufaransa nao wakaichanganya na asidi ya foliniki, matokeo yakatoka 2020: hakuna faida.

Sindano za chembe za wanyama, zilizouzwa Ulaya kwa miaka mingi, hazikuonyesha faida, na kumchoma mtoto kitu kigeni cha namna hiyo kuna hatari ya mzio mkali. "Seli shina", yaani chembe changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, zinazotangazwa sasa kwa wanaosafiri nje ya nchi hazina utafiti unaoonyesha kuwa zinaendeleza watoto wenye sindromu ya Down. Mazoezi ya Doman na Delacato ya Philadelphia, ya kumsogeza mtoto viungo kwa saa nyingi kila siku, yamekataliwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mara kwa mara tangu 1968. Hayana faida iliyothibitika na yanaichosha familia nzima.

Kuna utafiti halali unaoendelea. Barcelona mwaka 2016, dondoo ya chai ya kijani pamoja na mazoezi ya akili ilionyesha faida ndogo kwenye baadhi ya vipimo. Lakini washiriki walikuwa vijana 87 wakubwa, si watoto, na dondoo za chai hiyo kwa wingi zinaweza kudhuru ini. Kampuni ya dawa ya Roche iliachana na dawa yake ya basmisanili mwaka 2016 kwa sababu haikuwashinda waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kampuni yenye fedha zote zile ilikubali matokeo. Muuzaji wa kopo hajawahi kupima.

Hatua ya 4: Muulize anayekuuzia

Usigombane naye, wengi wanaamini wanachouza. Uliza tu. Ni kitu gani hasa kitabadilika, na baada ya muda gani? Walilinganishwa na nani, watoto wa umri huohuo wasiotumia? Waliopima walijua nani amepewa dawa? Wangapi waliacha, na kwa nini? Ndani mna nini, kwa miligramu? Jibu likiwa "inasafisha mwili" au "inatibu Down, usonji, kisukari na nguvu za kiume", mazungumzo yameisha.

"Ni ya asili" halijibu kitu. Vitamini A ikizidi huharibu ini, B6 ikizidi kwa muda huumiza mishipa ya fahamu, zinki nyingi humkosesha mtoto shaba.

Maombi ni jambo la imani ya nyumba yako, sina la kuingilia. Ila mtu yeyote, mchungaji, shehe au mganga, akisema uache dawa ya moyo, ya kifafa au ya tezi ili kuonyesha imani, huyo usimsikilize.

Hatua ya 5: Ukiamua kujaribu hata hivyo

Najua wapo watakaojaribu. Basi fanya kwa adabu. Mwambie daktari kwanza, umwonyeshe kopo. Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja. Andika mapema lengo linaloonekana, kwa mfano "atataja vitu 10 kwenye picha", si "atachangamka". Weka tarehe ya kuacha. Ikifika, changanya video za kabla na za baada bila tarehe, mpe mtu asiyejua habari yoyote, mwalimu au shangazi yake, azipange. Akishindwa kutofautisha, acha. Jaribio la nyumbani kama hili halithibitishi dawa, lakini litakuokoa na makopo ya mwaka mzima. Na kama mtoto anatumia dawa ya thairoidi, madini ya chuma na kalsiamu yakae mbali nayo kwa saa 4, kwa sababu huizuia isifyonzwe.

Hatua ya 6: Weka nguvu kwenye yanayosaidia

Madai ya kweli huwa madogo na hutaja kilichobadilika. Marekani mwaka 2001, watoto wachanga wenye sindromu ya Down waliozoeshwa kukanyaga kwenye kimashine chenye mkanda unaosogea chini ya miguu, dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, walitembea siku 101 mapema kuliko wenzao. Hakuna aliyesema wameongezeka akili. Uingereza mwaka 2012, watoto 57 wa shule walishiriki katika utafiti wa kusoma na lugha, dakika 40 kila siku ya shule. Baada ya wiki 20 waliofundishwa walisoma maneno na kuunganisha sauti vizuri kuliko wenzao, na wakajua maneno waliyofundishwa. Faida haikuenea kwa kila kitu. Tiba ikitangazwa hivyo, iamini zaidi.

Kwa mazoezi ya viungo, mtaalamu wa mazoezi tiba wa hospitali za CCBRT (Dar es Salaam), KCMC (Moshi) au ya mkoa wako akuonyeshe, kisha yafanyike nyumbani kila siku kwenye mkeka, wakati wa kuoga, mgongoni. Dakika chache za kila siku zina faida kuliko safari moja kwa mwezi. Kwa lugha, tumia ishara za mikono pamoja na maneno: "kula", "basi", "zaidi", "maji". Ishara hazimzuii kusema.

Kwa kusoma, wengi hushika kwa macho kuliko kwa masikio. Shuleni ataanzishiwa ba be bi bo bu. Wewe nyumbani mwanzishie na maneno mazima yenye picha, jina lake, "mama", "maji", "mpira". Silabi zifuate akishazoea kuwa alama zina maana.

Tena kuna dai lisilouzwa dukani: "Acheni kumsemesha kilugha, mnamchanganya." Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha watoto wenye sindromu ya Down wa lugha mbili na wa lugha moja, na wale wa lugha mbili hawakuwa nyuma. Bibi aendelee kumwimbia Kichaga au Kikamba.

Kenya, vituo vya tathmini vya EARC ndivyo vinavyompangia shule. Tanzania anzia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, naye akueleze shule zenye vitengo. Nenda na daftari lako na majibu ya vipimo vya masikio na macho, kwa sababu bila hayo mtoto hupangwa kwa kuangaliwa sura.

Mwisho, jambo la watoto wakubwa. Kijana aliyekuwa anajivalisha na kuongea akianza kuacha, hakuna kopo la kununua. Arudishwe hospitali apimwe tezi, masikio, usingizi na hali ya hisia zake, maana wao nao hupata sonona. Na akibadilika mwendo, akaanza kuangusha vitu, akajikojolea wakati alikwishaacha, au akashika shingo kwa maumivu, mpeleke siku hiyo, kichwa chake kikiwa kimetulizwa kisigeuke-geuke njiani.